Mazingaombwe ya Kutisha kwa Usiku wa Halloween: Uzi, Majivu, Siki na Giza

Wengi wanaotaka kuwatisha wageni usiku wa Oktoba 31 huanza na vifaa: mashine ya moshi, mafuvu yanayocheka kwa betri, taa za rangi. Vitu hivyo hushtua mara moja, kisha vinageuka mapambo. Kiinimacho cha mizuka hakihitaji hayo. Chumba kinabaki kile kile, vitu vilivyo mezani ni vya kawaida, halafu jambo moja tu linakataa kueleweka. Kwa hiyo mfuko mwembamba si kikwazo. Giza ni bure na ukimya ni bure, na hila zilizojaza kumbi za Ulaya na Marekani katika karne ya 19 zilifanywa kwa uzi, vidole na kioo.

Kwa hila zilizo hapa utahitaji hasa uzi mweusi wa kushonea, nati tatu za chuma zenye uzito unaolingana, kijiti kilichonyooka cha sentimita 40, sabuni ya kipande, karatasi nyeupe, penseli, bakuli la chuma, kiberiti, mishumaa mifupi, siki, bekingi soda, manjano ya unga, spiriti ya kusafishia vidonda, boksi la kadibodi, karatasi moja ya plastiki angavu ya ukubwa wa A4, na simu. Nyingi ya hizo zimo ndani ya nyumba tayari. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua mita mbili za kitambaa cheusi kisichong'aa. Kitafunika meza, kitapamba boksi kwa ndani, na uzi mweusi ukipita mbele yake hauonekani.

Usifanye zote usiku mmoja. Tatu zinatosha na nne ndizo mwisho. Zaidi ya hapo watu huacha kuogopa na kuanza kuchunguza.

Mguso wa mzuka

Hila hii haihitaji kifaa cha kuandaa, na ndiyo tunayoishauri kabla ya nyingine zote. Waliodai kuzungumza na wafu waliitumia zamani kwenye vyumba vyenye giza: mtu anaguswa begani wakati ana hakika kwamba mikono yote miwili ya mwenzake imo usoni pake.

Mketishe mshiriki kwenye kiti kisicho na mikono, nawe usimame mbele yake, kama nusu mita. Nyoosha vidole vyote viwili vya shahada, kimoja kila mkono, na uvisogeze polepole kuelekea macho yake. Mwambie, "Nitagusa kope zako kwa vidole hivi viwili, ili ujue muda wote mikono yangu ilipo." Vidole vikifika kama sentimita 5 kutoka usoni atafumba macho mwenyewe, mwili unamlazimisha. Katika nusu sekunde hiyo rudisha mkono wa kulia nyuma, na kwa mkono wa kushoto fungua kidole cha shahada na cha kati kama panda, kisha uviweke kwa wepesi juu ya kope zake. Nafasi kati ya mboni mbili za mtu mzima ni sentimita 6 hivi, na vidole viwili vya mkono mmoja vinaifikia bila kujikaza. Yeye anahisi miguso miwili iliyolingana, na kwa kuwa alikwisha kuona vidole viwili vya mikono miwili, hana sababu ya kuwaza vingine.

Sasa mkono wa kulia uko huru. Hesabu moyoni hadi tatu, maana mguso unaokuja mara moja hunuka hila. Gusa bega lililo mbali nawe. Nyamaza. Vuta ukingo wa shati mgongoni. Nyamaza tena, kisha gonga kengele ndogo au angusha kitabu nyuma yake. Miguso miwili na sauti moja inatosha. Kumaliza: ondoa vidole vya kushoto na papo hapo rudisha mikono yote miwili mbele ya uso wake, vidole vya shahada vimenyooka, sentimita 10 kutoka machoni, kisha sema, "Fumbua." Picha ya mwisho anayoiona inafanana na ile ya mwanzo, na akili yake inaziunganisha.

Inaharibika kwa sababu tatu. Ya kwanza, mkono wa kulia ukinyooka mbali, mwili wote unahama na vidole vya kushoto vinateleza au vinakandamiza zaidi upande mmoja. Bana kiwiko cha kushoto ubavuni na ukiache hapo. Ya pili, kope hupitisha mwanga, kwa hiyo mkono ukipita kati ya taa na uso wake ataona kivuli kimevuka. Taa iwe nyuma yako, tena hafifu. Ya tatu ni sauti na harufu: mikono mirefu ya nguo inayochakarisha, bangili, manukato kwenye kifundo. Vua, kunja, nawa. Kwa mtu aliyevaa lenzi za machoni, gusa juu ya nyusi badala ya kope. Watoto wadogo waache kabisa. Kufumbishwa macho na kuguswa na kisichoonekana si mchezo kwao.

Jambo moja ni lazima ulijue mapema: yeyote anayetazama kutoka pembeni anaona kila kitu. Unaweza kuwafanya watazamaji washirika wako, kidole mdomoni, wafurahie kumtazama mwenzao akiruka. Lakini inatisha zaidi ukiifanya faraghani. Tundika shuka mlangoni, mwingize mtu mmoja mmoja, kisha akitoka amtume anayefuata. Atakachowasimulia wenzake huko nje kitakuwa kikubwa kuliko ulichomfanyia.

Mizuka mitatu kwenye kijiti

Hapa mtazamaji anachagua kimoja kati ya vizuka vitatu vinavyoning'inia, nawe bila kusogeza mkono unakifanya kicheze peke yake huku viwili vingine vimetulia.

Funga nyuzi tatu kwenye kijiti, zikiachana sentimita 10. Mwisho wa kila uzi funga nati. Urefu, kutoka kijitini hadi katikati ya nati, uwe sentimita 15, 25 na 40. Vishe kila nati kipande kidogo cha karatasi laini nyeupe, ukifunge shingoni kwa uzi na kuchora macho mawili. Ndivyo vizuka vyako. Hakikisha karatasi ni ndogo. Ikipanuka itakamata hewa na kuua mwendo.

Shika kijiti kwa mikono miwili, kila mkono kwenye ncha yake, viwiko huru. Mtu akichagua cha kati, kitazame hicho tu na kukitakia kiende mbele na nyuma, kuja kwako na kurudi. Mikono itaanza kusukuma yenyewe kwa mapigo madogo mno hata mwenyewe usiyahisi. Kila uzi una mwendo wake kulingana na urefu: wa sentimita 15 huenda na kurudi karibu mara 13 kwa sekunde 10, wa 25 mara 10, wa 40 karibu mara 8. Ukisukuma kwa mdundo wa mmoja, mmoja huo unakusanya nguvu kila pigo, wakati nyuzi nyingine zinasukumwa mara mbele mara nyuma na kubaki palepale. Kwa kawaida sekunde 15 hadi 20 zinatosha mwendo kuonekana. Ukitaka kuhamia kizuka kingine, badili unapotazama. Usisimamishe kwa kidole, kwani kusubiri ndiko kunakoleta ubaridi.

Ikiwa viwili vinacheza pamoja, nyuzi zako zimekaribiana urefu. Tofauti ya sentimita mbili haitoshi. Ikiwa hakuna kinachocheza, nati ni nyepesi au umekaza mabega. Ikiwa nyuzi zinasokotana, unasukuma kulia na kushoto badala ya mbele na nyuma. Na zima feni.

Mpe mtazamaji ajaribu mwenyewe. Wengi wataweza, na hapo ndipo uso hubadilika. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza mwaka 1833 jinsi kitu kilichoning'inizwa kinavyosukumwa na mkono wa mwenye kukishika bila yeye kukusudia, na miaka 20 baadaye mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday akaonyesha kwamba meza zilizodaiwa kuzungushwa na roho zilisukumwa vivyo hivyo na vidole vya waliokaa kuizunguka. Maelezo hayo usiyatoe usiku ule ule.

Jina kwenye majivu

Wageni wanataja majina, kila jina linaandikwa kwenye kikaratasi, mtu mmoja anachukua kimoja bila kukifungua, vilivyobaki vinachomwa. Unapaka majivu mkononi na jina linajiandika kwenye ngozi.

Saa moja kabla ya wageni kufika, chagua jina la mgeni mmoja ambaye una hakika atakuwepo. Jina fupi, herufi nne hadi sita. Chonga ncha ya sabuni ya kipande iwe kama ya penseli, ilowanishe kidogo sana, na uandike jina hilo kwa herufi kubwa upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kila herufi urefu wa sentimita 3. Acha ikauke. Haionekani kwa mwanga wa kawaida, ila mwanga wa kutoka pembeni huifanya ing'ae, basi shusha mkono wa shati na usijikune. Ukitoka jasho jingi, sabuni huyeyuka na herufi huungana; hapo tumia mafuta mazito ya midomo, tabaka jembamba kabisa.

Majivu ya karatasi ni meusi. Kwenye ngozi nyeusi hayasomeki vizuri, na miongozo mingi huliruka hilo. Kuna njia mbili. Ama acha karatasi iungue hadi majivu yawe ya kijivu cheupe, uyasage kwa kijiko yawe unga, ama uhamishe maandishi kutoka ngozini hadi chini ya sahani nyeupe. Njia ya sahani si mbaya hata kidogo: sahani inakaa mezani tangu mwanzo, imelala kifudifudi, watu wamekula juu ya meza hiyo hiyo.

Ukiwa tayari, keti na vikaratasi kumi vya sentimita 5 kwa 7 pamoja na penseli. Waombe wageni wataje majina ya watu waliomo chumbani. Kila linapotajwa, lirudie kwa sauti na uandike. Kwa kweli, vikaratasi vyote unaandika jina lile lile moja. Kunja kila kimoja mara mbili na ukitupe bakulini. Usiwe na mtu nyuma yako, na urefu wa mwendo wa penseli ulingane na jina lililotajwa: mtu akitaja jina refu nawe ukaandika herufi nne, mwenye jicho atashtuka. Ongeza mstari wa bandia chini.

Changanya, mwambie mtu achukue kimoja na akifumbate bila kufungua. Vilivyobaki vichome hapo hapo, kabla hajafungua. Utaratibu huu ndio siri yenyewe. Ushahidi wote wa hila unateketea mbele ya macho yao, nao wanadhani moto ni sehemu ya maigizo. Bakuli la chuma liwe na mchanga sentimita moja chini yake, na maji yawe karibu. Majivu yakipoa kabisa (yaguse kwanza kwa nyuma ya kidole) mwombe mshiriki afungue karatasi, asome kimya, alifikirie jina. Pandisha mkono wa shati, chukua majivu kama nusu kijiko cha chai, paka polepole kwa mwelekeo mmoja, puliza. Majivu yatashika kwenye sabuni tu.

Ukisugua mbele na nyuma utalichafua jina lote. Ukipaka ungali na jasho, mkono wote utashika majivu. Na ukikuta mtu amechomoa kikaratasi cha pili "kwa utani", kichukue, kiweke kwenye moto kwa utulivu na uendelee.

Usitumie jina la marehemu wa mtu yeyote aliyepo. Kuogopesha ni jambo moja, kumrudisha mtu msibani ni jingine.

Maandishi mekundu

Hii ni fupi kuifanya na ndefu kuiandaa. Yeyusha vijiko viwili vya chai vya bekingi soda kwenye mililita 100 za maji ya vuguvugu. Chovya pamba iliyozungushiwa kijiti, andika neno kwenye karatasi nyeupe nzito, acha ikauke nusu saa kisha ilaze chini ya vitabu. Karatasi nyembamba hujikunja pale palipolowa na kulisaliti neno kabla ya wakati.

Kwenye kikombe kingine loweka kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga katika mililita 60 za spiriti kwa dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa. Mbele ya watu pitisha brashi yenye maji hayo juu ya karatasi. Karatasi inageuka njano, na neno linapanda jekundu-kahawia, rangi ya damu iliyokauka. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye asili ya magadi. Asidi huirudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo ukinyunyizia siki au maji ya limau juu yake, neno linafifia mbele ya macho yao. Huo ndio mwisho mzuri wa hila hii na wengi hawaujui.

Kosa la kawaida ni kutumia unga wa kuumulia (bekingi pauda) badala ya bekingi soda. Unga huo tayari una asidi ndani yake, na neno litatoka hafifu au halitatoka kabisa. Spiriti hushika moto haraka, basi hila hii na ile ya majivu zisikae meza moja, na mishumaa yote izimwe kwanza. Manjano hayatoki kwenye nguo.

Pumzi isiyoonekana

Mishumaa mitatu inazimika mmoja baada ya mwingine bila mtu kupuliza. Weka bekingi soda gramu 7, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, kwenye jagi la lita 2 lisiloonyesha ndani. Mimina mililita 100 za siki ya asilimia 5. Povu litapanda kisha kutulia. Funika kwa sahani bila kukaza. Kiasi hicho hutoa karibu lita 2 za hewa ya kaboni, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, kwa hiyo inalala ndani ya jagi na kumiminika kama maji.

Panga mishumaa mifupi ndani ya trei yenye kingo, inua jagi, liinamishe taratibu juu yake kana kwamba unamimina kitu. Hewa inatoka, siki inabaki chini. Ukiinamisha sana utamwaga siki na kila mtu atajua. Mishumaa mirefu haifai, kwani hewa hii hujaa kutoka chini kwenda juu. Andaa dakika chache tu kabla. Ukiacha jagi wazi muda mrefu hewa huchanganyika na ya chumbani na moto hautajali.

Boksi la mzuka

Hapa ndipo pa kuweka jioni yako nzima ya maandalizi. Mnamo Desemba 24, 1862, mhadhiri John Henry Pepper alionyesha London, katika Royal Polytechnic Institution, mzuka uliotembea jukwaani na kupita katikati ya vitu. Wazo lilianzia kwa mhandisi Henry Dircks: kioo kikubwa kimewekwa kwa mshazari mbele ya jukwaa, na mtu aliyemulikwa kwa taa kali amefichwa shimoni. Watazamaji waliona jukwaa kupitia kioo na taswira ya mtu yule juu ya kioo kwa wakati mmoja. Boksi hili ni jambo lile lile, ila plastiki imechukua nafasi ya kioo na simu imechukua nafasi ya shimo.

Tafuta au tengeneza boksi la kadibodi la sentimita 20 kila upande. Uso wa mbele uondoe. Ndani yote gundisha kitambaa cheusi au karatasi nyeusi isiyong'aa. Rangi inayong'aa itaonyesha mistari ya mwanga na kuharibu kila kitu. Kwenye paa kata tundu la sentimita 14 kwa 6.5, upande mrefu ukielekea kutoka mbele kwenda nyuma. Simu italala hapo kifudifudi, ikining'inia kwenye kingo za tundu.

Kata plastiki angavu iwe na upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 28.3. Huo ni urefu wa mshazari wa boksi lako, na karatasi ya A4 inautoa bila shida kwa kuwa ina 29.7. Gundisha vipande vya kadibodi nyeusi vya sentimita moja kwenye pande zake ndefu ili isilegee katikati. Iingize hivi: ukingo wa chini ukae sakafuni mwa boksi kwenye mdomo wa mbele, ukingo wa juu ufike kwenye paa huko nyuma. Ukiipindua, yaani juu mbele na chini nyuma, mzuka hautaonekana na mwanga wa simu utakwenda ukutani.

Weka kiti kidogo cha kadibodi, au kaburi la karatasi ngumu, ukutani nyuma ya plastiki. Kwa vipimo hivi taswira ya simu inasimama wima hasa kwenye ukuta wa nyuma, kwa hiyo kiti kikikaa hapo mzuka utaonekana umekikalia. Kikikaa mbele zaidi, mtu akisogeza kichwa ataona viwili hivyo vikiachana.

Mzuka wenyewe urekodi kwa simu: kitambaa cheupe kilichofunikwa juu ya mkono au mwanasesere, nyuma yake kitambaa cheusi, taa moja kali kutoka pembeni. Sekunde 40 zinatosha, na sekunde 10 za mwanzo ziwe giza tupu ili upate muda wa kuweka simu na kurudi mahali pako. Cheusi cha video hakionekani kwenye plastiki. Kinachong'aa tu ndicho kinachoelea. Simu ilale kiasi kwamba miguu ya mzuka iko upande wa watazamaji na kichwa upande wa nyuma. Maandishi yatasomeka kinyume, basi ukitaka neno litokee, ligeuze kwanza. Mwangaza wa simu uwe wa juu kabisa na mawasiliano yote yazimwe. Ujumbe ukiingia katikati, mzuka utakuwa na kichwa cha habari.

Watazamaji wasizidi watano, wakae mita moja hadi moja na nusu, macho yao usawa wa boksi. Aliyesimama ataona taswira imekatika. Chini ya ukingo wa mbele wa paa ning'iniza utepe mweusi wa sentimita 3, kwani aliyekaa chini sana anaweza kuuona uso wa simu wenyewe. Ukiona mizuka miwili iliyopishana kidogo, umetumia kioo kinene: kila uso wa kioo hutoa taswira yake. Ukiona mzuka umetepeta, plastiki imelegea. Ukiona mzuka hafifu, chumba kina mwanga mwingi au nyuma ya plastiki si peusi vya kutosha.

Kupanga usiku

Anza na vizuka vya kijitini taa zikiwa zinawaka, kwa sababu watu huamini zaidi wanachokiona kwenye mwanga. Zima taa kubwa, fanya majivu au maandishi mekundu, si yote mawili. Maliza na boksi. Mguso wa mzuka uendeshe pembeni kabla ya yote, wakati wageni bado wanaingia. Jumla isizidi dakika 25.

Kati ya hila na hila sauti ndogo hufanya kazi kubwa. Funga nati kwenye uzi mweusi, bandika uzi huo kwa selotepu juu ya kioo cha dirisha kwa nje ili nati ining'inie sentimita 20 chini yake, na mwenzako aliye mita tano akivuta na kulegeza ncha ya pili ya uzi, dirisha linagongwa na hakuna aliye nje. Hila za kugonga zina historia yake: dada wa familia ya Fox, huko Hydesville katika jimbo la New York, walianza mwaka 1848 kusikizisha mibisho waliyoiita ya roho, na mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, akaonyesha jukwaani kwamba ilitoka kwenye viungo vya vidole vya miguu yake.

Ukitaka la kusimulia wakati majivu yanapoa, lipo la kweli: Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu, alifariki Detroit, Marekani, tarehe 31 Oktoba 1926, siku ya Halloween yenyewe, na mkewe Bess akaendelea kujaribu kumwita hadi 1936, bila jibu. Lisimulie kwa sentensi tatu, kisha nyamaza. Usiongeze chumvi.

Usitangaze kitakachotokea kabla hakijatokea, na hila usiirudie. Mgeni akikuuliza kwa dhati kama ni roho, mwambie ni kiinimacho. Nguo za nailoni na nywele bandia za sherehe hii hushika moto upesi, hivyo aliyezivaa asikae karibu na bakuli wala mishumaa.

Wakikung'ang'ania uonyeshe tena, wape kile kijiti chenye vizuka vitatu wakizungushe mikononi mwao. Kitawashughulisha muda wa kutosha wewe kuosha mkono, kuitoa simu boksini na kukunja plastiki.